Fomu ya Mdhamini

Mwalimu wa uchumi alisoma jina lililoandikwa kwenye kichwa cha fomu, akavua miwani, akaivaa tena. Lilikuwa jina la kampuni ya sigara.

"Unaomba kazi kwa hawa?"

Binti Kodi, kama wenzake walivyozoea kumtania, alikuwa bado amesimama mlangoni. "Nimeshapata, Mwalimu. Imebaki saini ya mdhamini tu."

Kwa miaka minne Mwalimu alikuwa amemfundisha hesabu za kodi ya sigara: ikipandishwa kiasi gani, wavutaji wangapi wataacha. Kati ya vijana sita aliowaanzisha kwenye kazi hiyo, watano walishaondoka mmoja mmoja, akabaki binti huyu. Jumatatu wao wawili walikuwa wanasubiriwa wizarani kutetea kodi ipandishwe, na zaidi ya binti huyu hakuna mwingine nchini aliyeweza kuzitetea hesabu zile.

"Mwanangu, watakutumia kuibomoa kazi yako mwenyewe."

"Najua."

"Sasa?"

Binti akainamisha uso. "Baba anapumua kwa mtungi wa oksijeni. Amevuta pakiti moja kila siku tangu sijazaliwa. Bima yao inatibu mpaka wazazi. Ya hapa chuoni hainitibu hata mimi."

Mwalimu aliivuta fomu karibu. Akachukua kalamu.

Swali la mwisho kwenye fomu liliuliza kama mwombaji anaijua kazi yake.

Akaandika: "Kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha."

Kisha akatia saini.