Sindano ya Bibi Harusi

Kipimo cha sukari kilionyesha kumi na tisa, na pilau ndiyo kwanza ilikuwa ikiingia mlangoni.

Idman alikifunika kile kidude kwa upindo wa shela kabla wanawake waliomzunguka hawajakiona. Tangu alfajiri hakuwa amejidunga insulini. Koo lilimkauka, na nyuso za wageni waliojaa sebuleni zilianza kuingia ukungu. Alizijua vizuri dalili hizo. Mara ya mwisho alipozipuuza alilazwa siku nne, na daktari alimwambia mama yake waziwazi kwamba wangechelewa kidogo tu wangekuwa wanatafuta sanda.

"Hooyo," alimnong'oneza mama yake, "nipe mkoba wangu."

Mama yake, Naimo, alikuwa ameukalia. Hakugeuka. "Vumilia. Wakwe wakiondoka utajidunga."

"Wataondoka saa ngapi?"

"Baada ya Alasiri, inshallah."

"Nina kumi na tisa, hooyo."

"Kunywa maji."

Wachumba wawili walishafika hapo mtaani Bulla Iftin kumposa Idman, na wote wawili walitokomea waliposikia ana kisukari tangu darasa la sita. Huyu wa tatu, mwalimu Keinan, hakuambiwa kitu. Naimo alimlisha binti yake kiapo kwamba atafunga mdomo mpaka mtoto wa kwanza azaliwe. Wazee wa pande mbili walikutana, wakahesabiana mababu hadi wa kumi, wakakumbushana nani alichimba kisima gani. Habari za magonjwa hakuna aliyeuliza, upande huu wala ule. Mficha maradhi kilio humuumbua, Waswahili wamesema, lakini Naimo hakuwa Mswahili.

Isitoshe, wakwe wenyewe walikuwa na haraka. Batula, mama yake Keinan, hakudai makochi wala mapazia katika vyombo vya bibi harusi. Alituma neno moja tu: friji iwe nzuri. "Kwa joto hili la Garissa, nani hataki maji baridi?" Naimo alisema, akanunua kubwa kuliko yake.

Asubuhi ya leo ndoa ilifungwa msikitini. Sasa wanaume walikuwa wakila nje chini ya turubai, na Batula mwenyewe alikuwa ameketi zuliani mbele ya mkwewe. Alikuwa mama mnene wa sauti nzito, mwuza ngamia ambaye hata madalali wa mnadani humpisha. Sinia liliwekwa kati yao, wali umerundikwa, nyama ya ngamia juu, ndizi mbivu pembeni.

"Kula, binti yangu," Batula alisema. "Mbona mikono iko mapajani?"

Idman aliutazama ule wali na hasira zikampanda. Kwani ameiba nini? Miaka kumi na mitatu amejidunga mara nne kwa siku, amehesabu kila kipande cha anjera kinachopita kinywani mwake, amesoma hadi amemaliza chuo. Leo, siku yake mwenyewe, afe kwa adabu ili wageni wasishtuke? Kiapo chake kilihusu mdomo. Mkono hakuuapia.

Aliuvuta mkoba kwa nguvu mpaka Naimo akapepesuka. Akatoa kalamu ya insulini, akafunga sindano mpya, akazungusha kitako chake hadi namba kumi na mbili. Kisha akatupa shela nyuma, akapandisha mkono wa gauni lililonakshiwa dhahabu, na akajidunga juu ya kiwiko mbele ya macho ya wote. Alihesabu taratibu hadi kumi kabla ya kuichomoa.

Mikono ilisimama masiniani.

"Subhanallah," alisema Maka, shangazi yake Idman.

"Ni mgonjwa!" jirani mmoja wa kina Keinan aling'aka. "Wametupa mgonjwa na wamenyamaza!"

Hapo mdomo nao ukaasi.

"Ni kisukari," Idman alisema. "Ninacho tangu utotoni, na ninakitibu, na sitajificha tena kama mwizi. Kiapo nimekivunja, nitalisha maskini kumi. Anayetaka kuniacha aniache sasa hivi. Hapa ndipo kwetu, hata gari halitahitajika."

Wanawake wa upande wa Keinan walianza kuokota mikoba yao. Naimo alijifunika uso kwa mtandio akalia kwa sauti. Akilini alimwona binti yake amerudishwa siku ya harusi, na jina lake likitembea sokoni hadi kaburini.

"Dada Batula," alisema kwa kwikwi, "wallahi ningekuambia..."

"Nyamaza, Naimo."

Batula alijifuta vidole polepole kwa kitambaa. Hakumtazama Naimo wala jirani aliyekwisha kusimama. Alikuwa akiitazama ile kalamu. Alinyoosha mkono, akaichukua kutoka kwa Idman, akaigeuza upande wenye namba na kuisogeza karibu na macho yake. Idman alikaza shingo, tayari kwa lolote.

"Umeweka ngapi?"

"Kumi na mbili."

Batula aliangalia sinia, akaangalia wali, akaangalia ndizi. Ndipo alipofungua kinywa, kwa ile sauti yake ya mnadani, mpaka wanaume chini ya turubai wakaacha kutafuna.

"Kwa wali kama huu, mwanangu Keinan hujidunga kumi na nne."