Nyayo za Njia ya Kwaluguru

Mhina hakugeuka.

Alizisikia nyayo mara tu baada ya kuipita njia iendayo Kwaluguru, kijijini kwao: pa, kwacha, pa, kwacha. Mtu mmoja, ndara moja imekatika gidamu. Wenzake wote alikwisha kuwaacha mbali, na wote walikuwa miguu mitupu.

"Ukisikia nyayo nyuma, usigeuke," Habakuki alikuwa amemnong'oneza kule bomani Handeni, walipokuwa wakingoja baragumu. "Ni Fransisko. Ukimpa uso tu, kakuchukua."

"Toka hapa! Unataka nichoke mapema."

"Haya. Mimi nimesema."

Fransisko alizama mwaka uliopita mtoni Ruvu, ndio huo Pangani, katika mbio hizihizi. Hakuonekana tena. Shule nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akikimbia na ndara.

Kila sikukuu ya Kaisari wanafunzi waliweka chini vibao vyao, wakakimbia kutoka Handeni hadi shuleni kwao Korogwe. Wengi walifurahia hiyo siku moja tu bila Kijerumani, bila hesabu, bila kiboko. Mhina alikimbilia zawadi. Mshindi alipewa ruhusa ya kwenda kwao juma zima.

Mchuuzi wa tumbaku ndiye aliyemletea habari. Alimkalisha kwanza chini ya ukuta wa shule, uso kwa uso, kwa maana kwao Uzigua neno zito halipigiwi kelele; hutuliwa chini kama mzigo, na aliyelibeba haitikii salamu mpaka alitue. "Mama yako Mwaija hawezi," alisema. "Kila akiamka anakuulizia wewe."

Mhina aliomba ruhusa. Mwalimu Mdachi akasema mtihani kwanza. Akaomba tena, akachapwa.

Ndiyo maana asubuhi hiyo, alipoiona njia ya Kwaluguru, miguu ilitaka kukata kona yenyewe. Lakini mwanafunzi wa mwisho kutoroka alifuatwa na askari, na baba yake akatiwa mnyororo. Mhina alipita. Ndipo nyayo zikaanza.

Pa, kwacha.

Akiongeza mwendo, nazo zinaongeza. Akipunguza, zinamjia karibu hata anasikia pumzi. Hakuna neno. Hakuna kuitwa.

Katika kijiji kimoja wanawake walitoka na mtungi wa maji, wanacheka.

"Huyo, mwana wa Mdachi! Umeiba nini unakimbia hivyo?"

"Kaiba mke wa mtu!"

Mhina alipokea kata bila kusimama, akanywa, akaitupa. Aliwasikia wakimwamkia aliyekuwa nyuma. Hawakujibiwa. Kicheko kikakatika. Mwanamke mmoja akasema polepole, "Mpisheni." Baada ya hapo ilikuwa kama kijiji kimefungwa mlango.

Kumbe nao wanamwona. Mhina akaanza kusoma dua zote alizofundishwa utotoni, akichanganya ya kulala na ya kula.

Pale mtoni mzee Salimu, mvushaji, alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi wake.

"Shikamoo mzee. Nivushe upesi."

"Marahaba. Taratibu, bwana, Ruvu haiendi popote." Kisha akatazama juu ya bega la Mhina. "Tumngoje mwenzio."

"Sina mwenzangu."

"Na huyu je?" Salimu akapaza sauti. "Habari za utokako, bwana?"

Pumzi tu, zikikwaruza.

Salimu alivua kofia yake, akaiweka magotini. "Mwanangu, tumngoje."

"Mzee, ukimngoja mimi nimekwisha! Nivushe, nakuomba kwa Mungu. Mama yangu mgonjwa."

Mzee akavaa kofia yake.

"Si langu mimi kulisema," alisema, akashika upondo.

Walipofika katikati, maji yalipigwa huko nyuma. Mtu ameingia mtoni kwa miguu, kisha akarudi ukingoni. Mhina alifumba macho mpaka mtumbwi ulipogusa mchanga. Akaruka, akamwacha Salimu akigeuza mtumbwi, akakimbia kama hakuwa amekimbia tangu alfajiri.

Kamba ilikuwa imefungwa mbele ya shule. Aliikata kwa kifua, akaanguka. Ngoma zikalia. Mwalimu Mdachi alimwinua kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

"Kesho utakwenda kwenu," alisema. "Juma zima."

Mhina alicheka, akalia, akacheka tena. Kesho. Atamkuta mama amekaa kizingitini, atamwambia Kijerumani kidogo, mama atamwuliza kama hiyo ni lugha au kikohozi.

Pa, kwacha.

Ngoma zilikuwa zimenyamaza. Watu walikuwa wakipisha njia. Mhina alikaza shingo, akatazama ardhi, hakugeuka. Nyayo zilipita ubavuni pake, zikamzunguka, zikasimama mbele.

Aliona miguu yenye vumbi na matope. Aliona ndara yenye gidamu iliyokatika. Aliinua macho.

"Mjomba Semboja?" Furaha ikampasuka. "Shikamoo mjomba! Ni wewe muda wote? Mjomba, nimeshinda! Kesho naja kumwona mama!"

Semboja hakuitikia. Alifungua shuka begani mwake, akaitandika mchangani, akaikunjua kila pembe.

"Kaa chini, mpwa wangu," alisema. "Tangu Kwaluguru nakukimbilia ukae chini."