Watazamaji wa Mji Mmoja

Kila alasiri Shadhili aliegemeza simu kwenye mtungi, akapika mubashara huku akizungumza Kirusi alichojifunza ujanani, alipokuwa akisoma Urusi. Mkewe, Mwanakheri, hakuelewa hata neno. Alimkatia vitunguu kando, mahali ambapo kamera haikumfikia.

Siku hiyo, kabla hawajaanza, Shadhili alimwonyesha takwimu za ukurasa wake kwenye mtandao wa Kirusi.

"Tazama, karibu wote ni wanawake. Watu wazima, rika letu. Na wengi wanatoka mji mmoja."

"Mji gani?"

"Ule niliosoma."

Mwanakheri aliliangalia duara la rangi lililoonyesha miji ya watazamaji. "Huko ulimwacha nani?"

"Acha hizo, Mama Raya! Hizo ni hesabu za watazamaji tu." Shadhili alicheka, ila kicheko kilichelewa kidogo.

Mafuta yalipopata moto na vitunguu kuingia, Mwanakheri alijifunga leso vizuri, akaenda kusimama mbele ya kamera, bega kwa bega na mumewe.

"Waambie mimi ni nani."

Shadhili alisema maneno machache. Mwanakheri akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Maoni yakamiminika, maua na mioyo, kisha ukaingia ujumbe mmoja mrefu. Shadhili akaacha kukoroga, akausoma midomo ikimchezacheza.

"Anasemaje?"

Vitunguu vilianza kuungua. Mwanakheri aliuchukua mwiko mkononi mwa Shadhili, lakini hakukoroga. Alikuwa akimtazama mumewe, aliyerudi juu kuusoma ujumbe ule tangu mwanzo.