Kitabu cha Mwalimu Eustace

Silasi alipanga jina la Eustace kwa herufi kubwa za risasi za kupigia chapa, akatamani vidole vyake mwenyewe vikatike.

Miaka minne alikuwa akikusanya hadithi za Kinyamwezi. Kila Jumamosi mchana, akitoka kwenye mtambo wa chapa wa misheni pale Tabora, alipanda baiskeli kwenda Sikonge kuandika masimulizi ya wazee. Lakini mwaka ule wa 1934 Padre alikuwa na karatasi za kitabu kimoja tu. Akachagua cha hadithi za Mwalimu Eustace, si cha Silasi. Na mpanga herufi ni Silasi, basi akipange.

Alimwonea wivu. Ubaya ni kwamba hadithi zenyewe zilikuwa tamu kweli. Sungura wa Eustace alikuwa na ulimi. Wa Silasi aliongea kama karani wa boma.

"Mwalimu, nitajie tu huyo anayekusimulia," aliwahi kumwomba.

"Hataki ujue mpaka kitabu kitoke. Anaona haya."

"Kama ni mbali, baiskeli ninayo."

"Mimi huenda kwa miguu," Eustace akajibu, akatazama pembeni.

Silasi akazidi kuzunguka. Likizo ya Pasaka alifika hadi Lusu, akawauliza vikongwe mmoja mmoja. Safari zenyewe zilimfaa, maana mama mkwe wake alikuwa amehamia kwake Kanyenye, mle mle mjini, kulea mjukuu, na kwa heshima ya kwao mtu hakutani uso kwa uso na mama mkwe wala hasemi naye. Silasi akiwapo, mama wa watu hujifungia chumbani. Akiondoka, naye hupata kukaa uani.

"Mletee mama asali," mkewe Apolinaria alimwagiza kila safari. "Koo linamkauka."

Naye alileta, chupa baada ya chupa, ile nzuri kabisa. Kwa adabu hiyo, Silasi alijiona hata Eustace hamfikii.

Sasa ilibaki karatasi moja ya kupanga, ya shukrani. Silasi akaivuta karibu. Jina la msimulizi lingekuwamo humu. Kesho asubuhi angekuwa mlangoni kwake, na daftari jipya. Akaanza kupanga, neno kwa neno:

"Hadithi hizi zote nilisimuliwa na Bibi Ng'washi, uani kwa mkwewe Silasi, Kanyenye, kila Jumamosi mkwe huyo akiwa safarini. Namshukuru na yeye, kwa asali."