Amri Bila Jina

Baada ya mafuriko, Mwanaidi aliandika programu ya kutunza majina ya watoto waliopotea. Alitumia maktaba ya msimbo, yaani mkusanyiko wa amri za kompyuta zilizoandikwa tayari na wengine, iliyomwezesha kusoma na kufuta majina kwenye hifadhidata ndogo ndani ya kompyuta yake.

Asubuhi moja mama mmoja aliyefiwa alimjia. "Mwanangu, nifutie jina la Sefu wangu. Tumeshamzika."

Mwanaidi aliandika amri ya kufuta huku machozi yakimlenga, akasahau kutaja jina. Maktaba haikumuuliza kitu; kwake, amri bila jina ilimaanisha majina yote. Watoto wote wakafutika, na nakala nyingine hakuwa nayo.

"Umeshamtoa?"

"Ametoka, mama."

Mama akashukuru, akaondoka. Mwanamume aliyemfuata akavuta kiti karibu na skrini.

"Wangu anaitwa Nasoro. Niangalizie kama bado yumo," alisema.

Mwanaidi akaweka vidole juu ya vitufe.