Posa kwa Mzee wa "Give Up"

Haidari aliruka kutoka kwenye boti, akazama kwenye tope mpaka magotini, na suruali ya posa ikaharibika hapo hapo. Hakujali. Kilichomtia hofu si tope la kijiji cha Mbwera, bali Kiingereza cha baba mkwe.

Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, huko Kibiti. Mzee Mshamu, baba yake Yasmini, alikuwa na Kiingereza cha maneno mawili tu: give up, yaani kukata tamaa. Aliyaokota kwa watafiti wa mikoko waliowahi kukodi boti yake, na tangu siku hiyo hakuna kilichopona. Chai ikipoa, ime-give up. Kuku asipotaga, ame-give up. Muadhini akipaliwa katikati ya adhana, naye ame-give up, Mungu amsamehe.

Mchumba wa kwanza wa Yasmini, karani mmoja mwenye kiherehere, alimsahihisha mzee mbele ya watu. Alirudishwa na boti ile ile iliyomleta, hata maji hakunywa.

"Usimsahihishe, na usimcheke," Yasmini alimwonya Haidari. "Baba anataka akuone kwa macho yake kabla hujatuma wazee. Akikukataa, basi tena. Mimi siwezi kumpinga baba."

Haidari alimpenda Yasmini kiasi kwamba wiki nzima alisimama mbele ya kioo akijisemea "kuku ame-give up" bila kucheka. Mwisho aliweza. Moyo wa mwalimu uliuma, lakini aliweza.

Usiku wa kuamkia safari alikuwa amelala bandarini Nyamisati kusubiri maji yajae, simu ikaisha chaji. Asubuhi akakuta boti imefurika watu, magunia ya mchele na mizigo ya kuni.

"Mnakwenda wapi nyote, mama?" alimuuliza mwanamke aliyepakata sufuria kubwa.

"Kwa Mshamu, mwanangu. Nani abaki nyumbani siku ya leo?"

Haidari akavimba kichwa. Kumbe posa yake imetangazwa delta nzima! Alikaa vizuri, akanyoosha kola, akawatazama abiria wenzake kwa huruma ya bwana harusi.

Uani kwa Mzee Mshamu wanaume walikuwa wamejaa mikekani. Nurdini, kaka yake Yasmini, alimpokea kwa mikono miwili.

"Pole na safari, shemeji. Bora umewahi."

Na pale katikati, juu ya kiti pekee kilichokuwapo, aliketi mzee mwenye kofia iliyotoboka na miwani iliyofungwa kwa uzi wa nyavu, vile vile Yasmini alivyosimulia.

"Wewe! Ndiye mwalimu?" mzee alifoka.

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Goti langu hili lime-give up. Wapishi wa leo nao wame-give up, tangu asubuhi sijaona hata ukoko. Na mke wangu," akanyoosha kidole dirishani, "tangu nimwoe ana-give up kila jioni, asubuhi anaanza upya!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Dirishani bibi mmoja alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kanga, yakatoka mengine. Haidari alijing'ata ulimi. Hawa watu wana adabu kweli? Wanamcheka mwenye nyumba mbele ya mgeni wake! Akaapa kwamba yeye peke yake atamheshimu mzee huyu, hata kama mbavu zitavunjika.

"Sasa niambie," mzee alisema, akimsogezea uso. "Binti yangu akikununia?"

Haidari alijua jibu moja tu ndilo litakalompa Yasmini, na lilikuwa jibu ambalo angemkata mwanafunzi alama kwa kulitamka.

"Sita-give up, mzee."

"Njaa ikiingia ndani?"

"Sita-give up."

"Mto ukifurika, ukabeba mpunga wenu wote, na mama mkwe wako akahamia kwenu na kuku wake?"

Haidari alimtazama yule bibi dirishani. Uongo aliuchukia tangu utotoni.

"Hapo, mzee... nita-give up kidogo."

Watu walianguka mikekani kwa kucheka. Nurdini alijishika tumbo. Mzee aliinuka, akakanyaga pindo la kanzu lililomzidi, nusura aanguke, akamkumbatia Haidari kwa nguvu.

"Nimekubali!" alipaza sauti. "Mbele ya watu wote, nimekubali! Kijana mkweli huyu. Mchukue mwanangu, na mama yake nakuongezea!"

Haidari alipiga magoti. Aliushika mkono wa mzee, akaubusu, akalia bila kuona haya. Miezi yote ile ya hofu, mazoezi yote ya kioo, na sasa Yasmini ni wake. Alijiona mwanamume mwenye bahati kuliko wote kati ya Kibiti na bahari, na akaahidi kwa sauti, mbele ya mashahidi wote, kwamba mkwe kama huyu atamtunza mpaka uzeeni.

Kisha akangoja vigelegele. Havikusikika.

Yasmini alitoka ndani, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Alimpita Haidari aliyekuwa bado magotini, akasimama mbele ya kiti.

"Inatosha kumwigiza, mtani," alisema. "Vua nguo za baba. Waosha maiti wamefika."