Swala Ajifunza Kupumua

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakihamia malisho ya ng'ambo, Swala alimpoteza mwanawe mtoni. Mwaka uliofuata walikubaliana kwamba kiongozi wa safari apatikane kwa mashindano ya kuogelea, kupanda kilima na kukimbia. Swala, hodari wa mbio, akamwendea Fisimaji.

"Nifundishe kuogelea, bwana."

"Tia uso majini, utoe pumzi taratibu," Fisimaji alimwambia. "Hilo tu, mpaka mwezi uandame."

Swala akatii. Kongoni, aliyejivunia nguvu zake, alimcheka. "Mkubwa mzima anajifunza kupumua."

Siku ilipofika, Kongoni aliyapiga maji kwa vishindo, akatoka wa kwanza. Swala alitoka wa mwisho, lakini kifua chake kimetulia. Kilimani alimkuta Kongoni amepiga magoti, miguu imekwisha nguvu. Akampita, kisha akawapita wote.

"Kiongozi, tunahama lini?" wakamuuliza.

Swala aliugeukia mto.

"Hatuhami kwanza," alisema. "Waleteni watoto wenu ukingoni niwafundishe kupumua. Wangu nilimwambia apigane na maji."